Hiyo Filta ya Mia Saba, Wachana Nayo

Wiki jana kijana mmoja wa Litein alinitumia meseji saa nne usiku. Yuko na elfu kumi. Amepata lenzi ya Canon ya 50mm, ile ya f/1.8, imetumika lakini iko fiti, elfu tisa. Muuzaji amemwambia asithubutu kutoka dukani bila filta ya UV ya kulinda kioo, mia saba tu. "Braza, ninunue ama niache?"

Ukitoa nauli, hiyo mia saba ndiyo ilikuwa chakula na bando zake za wiki. Nikamwambia aache. Alafu nikakaa nikafikiria, kwa sababu mimi mwenyewe niliinunua, na najua venye muuzaji anavyokuingia.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Kamera yangu ya kwanza ilitoka kwa bonasi ya majani chai ya mama. Kama umekulia huku unajua bonasi: ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la duka, na watu wanaanza kuikopea kabla hata haijatangazwa. Mama alikuwa anataka kuezeka jikoni upya. Akanipa mimi. Sasa msee kama huyo akiambiwa "linda lenzi yako", si ataogopa? Nilikuwa nabeba kile kioo kama mayai ya kuatamiwa. Ningenunuliwa hata hirizi ningeifunga.

Kazi ya kwanza ya kulipwa ilikuwa koito huko Konoin, upande wa Mogogosiek. Elfu nane. Mvua ikaja saa tisa, kama kawaida ya huku, shughuli ikasukumwa hadi giza likaingia. Wakawasha jenereta, wakatundika balbu kwenye hema. Hapo ndipo kogo wa bibi harusi akasimama kubariki. Mzee kabisa, ameshikiliwa na wajukuu wawili, anaongea polepole na watu wanaitikia. Nikasogea karibu, nikafungua lenzi hadi f/1.8, nikajiambia hii ndiyo ile klipu.

Nyumbani nikafungua laptopu. Usoni kwa kogo kuna doa la kijani, lina umbo la balbu kabisa. Kogo akisogea, doa linabaki palepale. Nikisogeza kamera, linatembea upande wa pili. Dakika nne nzima. Nilihangaika nalo usiku mbili kwenye programu ya kuhariri na halikutoka. Na familia ilikuwa inataka hiyo sehemu kuliko keki, kuliko zawadi, kuliko kila kitu. Nilirudisha elfu nne na nikaacha kupita upande ule kwa muda. Mama akauliza kama kamera imeharibika. Nikasema hapana, na sikujua niongeze nini.

Nilidhani lenzi ni feki. Kumbe ni ile filta. Na hii unaweza kujijaribia mwenyewe leo usiku, haikugharimu kitu: zima taa, washa mshumaa ama tochi ya simu, ulenge kamera ikiwa moto hauko katikati ya picha. Angalia upande wa pili, ng'ambo ya katikati. Utaona pacha wa ile taa, mdogo, mara nyingi wa kijani. Fungua filta, ulenge tena. Yangu ilipotea papo hapo. Nilicheka kwa uchungu.

Sababu yake si uchawi. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mwako kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. Filta ina nyuso mbili, mbele na nyuma, kwa hivyo unapoteza kama asilimia 8 bila kupiga hata picha moja. Hiyo si shida kubwa. Shida ni kwamba mwanga wa balbu ukifika kwenye sensa (sio ile ya kuhesabu watu), sehemu yake inaruka kurudi mbele, inagonga ile filta iliyo bapa kama kioo cha dirisha, inarudi tena ndani kama picha ya pili. Vioo vya lenzi yenyewe vimepinda na vimepakwa, ndiyo maana havikufanyii hivo kwa urahisi. Filta zilizopakwa tabaka nyingi zipo, na ni nzuri, lakini bei yake ni elfu tatu, nne. Kwa lenzi ya elfu tisa? Hapo unaajiri askari wa kulinda banda la kuku anayelipwa kuliko kuku.

Alafu hiyo UV yenyewe. Enzi za filamu ilikuwa na maana. Filamu iliona miale ya UV, na huku juu, mita 2,000 na kitu kutoka usawa wa bahari, milima ya mbali ilitoka na ukungu wa bluu. Kamera za dijitali zina kioo mbele ya sensa kinachozuia miale hiyo tayari. Kwa hivyo muuzaji anakuuzia dawa ya ugonjwa ambao kamera yako haina, na yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana siku hizi anasema "ya kulinda".

Haya, inalinda? Rafiki yangu alianguka na boda karibu na Kapkatet, lenzi ileile ya 50mm STM, filta ikapasuka vipande. Kila mtu akasema asante Mungu, filta imeokoa. Mimi sikubali. Kioo cha filta ni chembamba, kinapasuka kwa kitu ambacho kioo kinene cha lenzi kingekivumilia. Vile vipande vikakwaruza lenzi, na ringi ikapinda ikakataa kufunguka. Na baada ya hapo lenzi haikufokasi tena. Kwenye hiyo STM, filta inafungwa kwenye lile bomba la ndani linaloingia na kutoka wakati wa kufokasi. Ukiigonga filta, umegonga mashine yenyewe. Ile kofia ya plastiki ya mbele inashika kwenye mwili wa nje, na ikigongwa, mwili ndio unabeba. Tena inazuia taa za pembeni na matone ya mvua. Kofia ya mtumba nilipata kwa mia nne. Hakuna muuzaji amewahi kunisukumia kofia.

Na mkwaruzo mdogo mbele ya lenzi, wasee, hauonekani kwenye picha, labda ukipiga ukiangalia jua. Mkwaruzo wa kuogopa ni wa kioo cha nyuma, pale unapobadilisha lenzi juu ya boda huku upepo unavuma. Huko hakuna filta.

Kitu kinachoua lenzi Kericho na Bomet ni unyevu. Unajua asubuhi za huku, ukungu umelala kwenye mashamba hadi saa tatu, nguo haikauki siku mbili. Begi lako likinyeshewa alafu ulifunge na kamera ndani, miezi michache baadaye unaona utando kama wa buibui ndani ya lenzi. Ni fangasi. Filta ya mbele haizuii, kwa sababu lenzi hizi za bei ya chini hazijazibwa, unyevu unaingia kwa kila pengo. Nimeona hata jasho limejifungia katikati ya filta na lenzi, natoka kwa baridi naingia jikoni kwa moto, na siwezi kulipangusa bila kufungua kila kitu.

Mimi natumia ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko kinachokaza, nimeosha hadi harufu ikaisha, na vipakiti vya silika jeli, vile vinakuja kwenye sanduku la viatu. Waombe wauza viatu, wanavitupa. Mchele usiweke, una vumbi.

Si kwamba filta hazina kazi. Ningeenda Naivasha kupiga Safari Rally, lile vumbi la unga wanaloita fesh-fesh likinirukia usoni, ningeifunga bila aibu. Hata baharini, maji ya chumvi yakirushwa na upepo. Na kama lenzi yako ni ya laki mbili, hesabu yako si hesabu yangu, nunua filta ya maana. Ila mimi naandikia mtu wa elfu kumi.

Na kama lazima ununue filta, na unapiga chai, weka pesa kwa polaraiza. Majani ya chai yanang'aa, hasa yakiwa na maji, na kwenye picha ule mng'ao unatoka mweupe, kijani inafifia. Unazungusha polaraiza polepole, mng'ao unapotea, shamba zima linakuwa kijani kile unachokijua kwa macho. Hakuna rangi ya kwenye programu itakupa hiyo, kwa sababu chini ya mng'ao kamera haikurekodi kitu. Ila inakula mwanga mwingi, usiende nayo kwenye hema usiku. Na usome namba kwenye lenzi kabla ya kulipa. Hiyo STM ni 49mm, na muuzaji atakupa 52 akikuangalia machoni.

Yule kijana wa Litein alinijibu asubuhi. Alikuwa ameshanunua. Muuzaji alimshusha hadi mia tano, akaona ni bahati. Jumamosi ana kazi, mazishi ya jirani, na kesha ni Ijumaa, taa za jenereta.

Nikamwambia sawa, haijaharibika kitu. Ikifika saa kumi na mbili jioni, fungua hiyo filta uweke mfukoni.