Takhmisi ya Rangi: Kwa Wanaomwita Murakami Mwizi wa Kale

Kuna hukumu tatu ambazo hutolewa kwa wepesi kila linapotajwa jina la Takashi Murakami mbele ya watu wanaojihesabu kuwa walinzi wa sanaa. Ya kwanza, kwamba ameiba mali ya wakale. Ya pili, kwamba ni mchuuzi aliyejivika joho la msanii. Ya tatu, kwamba hachori bali huchorewa. Hukumu hizi zimekwisha kuingia hata katika mabaraza yetu ya ushairi, na nimewasikia watu wenye kuipenda lugha wakizirudia kama waliozaliwa nazo. Ni wao ninaowaandikia. Mtu aliyelelewa na mizani na vina alipaswa kuwa wa mwisho kuzitamka, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kilichokuwapo, maana hukumu bila ushahidi ni kelele. Kuanzia tarehe 3 Februari hadi tarehe 1 Septemba 2024, Murakami alifanya maonyesho makubwa ya peke yake katika jumba la makumbusho ya sanaa la jiji la Kyoto, jumba lililofunguliwa mwaka 1933 na lililokuwa likiadhimisha miaka 90 ya uhai wake. Kazi zilizowekwa zilikuwa 170 hivi, nyingi kati yake mpya. Mzaliwa huyu wa Tokyo wa mwaka 1962 hakuwa amefanya maonyesho makubwa ya namna hiyo nchini mwake kwa miaka minane, na ndani ya Japani hakuwahi kuyafanya nje ya Tokyo. Aliyaita Mononoke Kyoto. Mononoke ni neno la kale la Kijapani, lililo jirani na pepo au mzuka katika lugha yetu: kile kisichoonekana ambacho humsumbua aliye hai.

Katika chumba kimoja chenye giza walisimama walinzi wanne wa pande za jiji hilo: joka la buluu la mashariki, ndege mwekundu wa kusini, simbamarara mweupe wa magharibi na kobe mweusi wa kaskazini. Pengine palikuwa na mchoro wa Kyoto wenye upana wa mita 13 hivi, uliojengwa juu ya kazi ya Iwasa Matabei, mchoraji wa mwanzo wa karne ya 17. Matabei alikuwa ameyachora maisha ya jiji hilo katika jozi ya viwambo vya kukunja, akaweka ndani yake watu zaidi ya 2,500: wachuuzi, watawa, walevi, wacheza ngoma. Murakami aliwarudisha watu hao, kisha katika mawingu ya dhahabu yanayoelea juu yao akatia mafuvu. Tazama kwa haraka, utaona sherehe. Tazama tena, utaona kaburi.

Sasa tuijibu hukumu ya kwanza. Je, huo ni wizi?

Ndugu msomaji, unaijua takhmisi. Mtunzi huchukua ubeti wa mwenziwe wenye mishororo miwili, akautanguliza kwa mishororo mitatu ya kwake, ukawa ubeti wa mitano. Maneno ya wa kwanza hubaki yalivyo, lakini hayasikiki tena kama yalivyosikika, kwa kuwa yamefunguliwa mlango mwingine wa kuingilia. Takhmisi ya Liyongo, ambayo kwa mapokeo hunasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, haijapata kuitwa wizi na mtu yeyote mwenye akili timamu. Tunaiita heshima. Tena tunaiita ujasiri, maana anayejiunga na ubeti wa bingwa hujiweka pahala ambapo kila udhaifu wake utaonekana.

Wachoraji wa Kyoto walikuwa na desturi iliyo ndugu na hiyo. Katika karne ya 17, Tawaraya Sotatsu alichora miungu wawili, wa upepo na wa radi, juu ya jozi ya viwambo vya dhahabu. Ogata Korin akaja baadaye akaichora upya miungu ileile, umbo kwa umbo. Kisha, katika karne ya 19, Sakai Hoitsu akaichora kwa kumfuata Korin. Wala Hoitsu hakuishia hapo. Nyuma ya viwambo vya Korin alichora majani ya kiangazi yaliyoinamishwa na mvua upande wa mungu wa radi, na majani ya vuli yanayopeperushwa upande wa mungu wa upepo. Alimjibu mwenziwe aliyekwisha kufa, tena mgongoni mwa kazi yake mwenyewe! Huku kwetu tungesema ni kujibizana. Murakami naye aliwachora miungu hao kwa ajili ya Kyoto. Yeye ni mshororo mwingine katika ubeti ulioanza karne nne zilizopita. Anayemwita mwizi na awaite wezi Korin na Hoitsu kwanza, kisha arudi nyumbani akaichome moto takhmisi.

Hukumu ya pili ina nguvu zaidi, nami sitaipuuza. Ni kweli kwamba Murakami anauza. Mwaka 2003 alianza kuipamba mikoba ya Louis Vuitton kwa rangi zake. Mwaka 2007, katika maonyesho yake ya Los Angeles, duka la Vuitton liliwekwa ndani ya maonyesho yenyewe. Mwaka 2008 sanamu yake moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 15. Na hapo Kyoto, katika bwawa la bustani ya jumba la makumbusho, sanamu yake ya dhahabu ya maua mawili, mzazi na mwana, ilisimama juu ya sanduku kubwa la Vuitton. Hakuficha kitu. Aliuweka msingi wa biashara pale ambapo kila mtu angeuona.

Lakini ule msemo kwamba sanaa ikiingia sokoni imekufa, umetoka wapi? Haukutoka Kyoto. Jina lenyewe la kiwambo cha kukunja, kwa Kijapani, lina maana ya kizuia upepo: ni chombo cha nyumbani. Sotatsu alikuwa na karakana na duka, na miongoni mwa bidhaa zake zilikuwa pepeo za mkono zilizochorwa. Korin alizaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara wa kimono. Hata neno ambalo Wajapani wanalitumia leo kwa sanaa nzuri, bijutsu, liliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1870, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikijiandaa kwa maonyesho ya dunia ya Vienna ya mwaka 1873. Kabla ya hapo hapakuwa na ukuta uliotenganisha mchoro wa kutukuzwa na mchoro wa kutumiwa. Ukuta huo uliletwa pamoja na bidhaa nyingine za safari. Murakami alipotangaza mwaka 2000 nadharia yake ya ubapa wa kupindukia, kwamba sanaa ya Kijapani, tangu viwambo vya kale hadi katuni, hukaa juu ya uso mmoja usio na kina wala ngazi, alikuwa akiubomoa ukuta wa wageni, si nyumba ya babu yake.

Nasi tuna haya gani ya soko? Maandishi ya Kiswahili yaliyovaliwa, yaliyofuliwa na yaliyosomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote ni jina la kanga. Sentensi moja, yenye fumbo, yenye mapigo, iliyopangwa chini ya mji na kuzungukwa na pindo, huuzwa kwa doti dukani. Hakuna malenga anayethubutu kusema kwamba kanga si makao ya ushairi kwa sababu ina bei. Tena kwa miaka mingi katika karne ya 20 kanga zilizouzwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilichapwa katika viwanda vya Japani. Mafumbo ya bibi zetu yalipita mikononi mwa mafundi wa Kijapani wasiojua neno hata moja la Kiswahili, yakavuka bahari, yakatua mabegani mwa wenyewe yakiwa na makali yaleyale. Biashara haikuliua neno. Neno huuawa na mtunzi mvivu, awe ameuza au hakuuza.

Hukumu ya tatu ni nyepesi kuliko zote. Wanasema ana wasaidizi wengi, na kwa hiyo kazi si yake. Ni kweli anao; kampuni yake, Kaikai Kiki, ni karakana kubwa. Michoro yake ya arhati 500, yenye urefu wa mita 100, aliyoitengeneza mwaka 2012 baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, haikuwezekana bila mikono ya wanafunzi wengi wa uchoraji. Lakini nyumba ya Kano, iliyotawala uchoraji wa Kijapani kwa karne kadhaa, ilikuwa karakana ya ukoo yenye mabwana na wanagenzi. Nasi tungekuwa na Muyaka gani leo kama si mkono wa Mwalimu Sikujua uliokusanya na kunukuu? Sanaa nyingi hutufikia kwa mikono ya watu.

Na msiseme hawezi kushika brashi. Mwanahistoria Nobuo Tsuji, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu wachoraji wa Kijapani wenye vitimbi ni chemchemi ya Murakami, alimchokoza kwa kumwambia kwamba angalau mara moja achore mwenyewe. Murakami akakasirika, akachora joka katika mawingu, jekundu, lenye urefu wa mita 18. Uchokozi ule na hasira ile akavitia katika jina la mchoro. Wenzangu watunzi, hilo ni jibu la malumbano, lile tulilozoea kuliona katika kurasa za mashairi za magazeti: umeniita mlingoni, nimeingia, na jina lako nimelitaja.

Hapa nawageukia wale wanaoshangilia upande wa pili. Wapo vijana wanaomshika Murakami kama bendera: tazameni, wanasema, kanuni zimekufa, mizani ni minyororo, mwenye kipaji hahitaji kufundishwa. Bendera hiyo si yenu. Mtu huyu alisoma nihonga, uchoraji wa rangi za madini na gundi wenye masharti magumu, katika chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo hadi akapata shahada ya uzamivu mwaka 1993. Alizivunja kanuni baada ya kuzimiliki. Kezilahabi aliyetoa Kichomi mwaka 1974 hakuwa mgeni wa arudhi aliyeikimbia. Alijua alichokuwa akikiacha. Anayeandika mistari mifupi kwa sababu hawezi kuhesabu mizani minane hajavunja mnyororo wowote, maana hajapata kufungwa.

Wala simtakasi Murakami. Yale maua yake yanayocheka, yaliyotapakaa juu ya mito, soksi na vibandiko, ninayaona kama kibwagizo kilichoachwa peke yake. Kibwagizo hupata nguvu kutokana na beti zinazokitangulia. Kikirudiwa bila beti huwa kelele ya mnadani. Kwa miaka mingi alitupa kibwagizo kitupu, na kwa hilo wakosoaji wake wana haki ya kunung'unika. Uzito wa Kyoto ni kwamba hapo kibwagizo kilirudishiwa beti zake. Ua linalocheka likakaa jirani na mafuvu ya mawinguni na miungu ya upepo na radi, na kicheko chake kikaeleweka: ni kicheko cha jiji linalojua idadi ya wafu wake.

Basi shauri letu ni lipi? Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na tangu hapo tumetumia nguvu nyingi kugombana kama zifuatwe au zitupwe. Tumelumbana tukasahau kutunga. Ni lini mara ya mwisho mmoja wetu aliuchukua ubeti wa bingwa wa kale na kuujibu kwa mishororo mitatu yenye mambo ya leo: deni la simu, bahari inayokula pwani, mtoto aliyekwenda Ghuba kufanya kazi asirudi? Wahifadhi wameifunga takhmisi kabatini wakauita woga wao heshima. Wanamabadiliko wameipita mlangoni wasijue ilikuwa silaha. Kila upande unadai kuipenda lugha, na kati yao ubeti unakufa kwa kukosa wa kuujibu.

Wakale si maiti wa kulindwa na mabawabu. Ni wasemaji waliotulia wakisubiri jibu. Korin alijibu, Hoitsu akajibu, Murakami amejibu kwa sauti kubwa, yenye bei, yenye makosa. Asiyependa jibu lake na atunge lililo bora. Kalamu ipo, mizani inajulikana, na ubeti wa Sayyid Abdalla bado una nafasi mbele yake.