Bab kubwa, imechelewa njiani

Mliosikiliza kipindi cha juzi mnakumbuka nilisema nimeacha kutuma voisi kwenye grupu la ukoo. Sababu yenyewe ndogo tu. Nilisifia gauni la sendofu la binamu yangu wa Dar, nikasema ni "bab kubwa". Grupu zima likacheka. "Dada, hiyo ya enzi za mama yako!" Kweli. Mama aliondoka Dar mwaka 2004 na maneno yake ya mtaani, na ndiyo aliyonilea nayo hapa Durban. Tangu siku hiyo nikawa naandika tu, tena kwa Kiingereza.

Wiki hii nilikuwa nasoma habari za anga, maana darubini ya MeerKAT iko nchini humu, kule Karoo, ina madishi 64. Mwaka 2022 timu iliyoongozwa na Kenda Knowles, aliyesoma UKZN hapahapa Durban, ilichapisha picha za makundi 115 ya galaksi. Katikati ya baadhi ya galaksi hizo kuna shimo jeusi kubwa mno. Gesi ikilizunguka ikielekea ndani, inapata joto na kuwaka. Ikiwaka kupita kiasi, inaitwa kwasa.

Sasa sikieni. Kuna kwasa moja, SDSS J1004+4112, iko nyuma kabisa ya kundi la galaksi. Mwanga wake umesafiri takriban miaka bilioni 10. Uzito wa kundi lile unaupinda mwanga kama lenzi, kwa hiyo tunaona kwasa ileile mara tano: picha nne angavu na moja hafifu. Ila kila picha imepita njia yake. Kwasa ikiongezeka mwanga kwenye picha inayowahi, ile ya nne inafanya hivyohivyo takriban miaka 6.7 baadaye! Wanasayansi waliifuatilia zaidi ya miaka 14 ndipo wakatoa hesabu hiyo, mwaka 2022.

Hakuna picha ya uongo hapo. Zote ni kwasa ileile. Na kuchelewa huko kuna faida, kwa sababu kunasaidia kupima uzito wa kundi, pamoja na maada ya giza ambayo haionekani kabisa. Yaani ukitaka kujua njiani kuna nini, angalia nani kachelewa, na kachelewa kiasi gani.

Nikakifikiria Kiswahili changu. Si kibovu. Kimezunguka tu, na ukikisikiliza vizuri unaweza kukisia mama aliondoka mwaka gani.

Jana nikatuma voisi, dakika mbili nzima. Binamu wakacheka tena. Halafu mama mdogo akajibu: "Hee, bab kubwa! Sijalisikia miaka mingi. Mama yako alilipenda hilo." Mama akaomba simu yangu, wakaongea mpaka saa tano usiku.

Je, kwenu ni neno gani limechelewa njiani? Tutumieni voisi, tutazisikiliza pamoja kipindi kijacho.