Vyeti Tunavyo, Kazi Hatuna

Ndugu zetu vijana wa Nakivale, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tusemezane ukweli.

Kila mara tunaitwa kwenye mafunzo ya kompyuta. Wiki mbili tu. Tunafundishwa kuwasha mashine, kuandika barua kwa Word, kujumlisha kwa Excel. Vijana ishirini, kompyuta sita, na umeme ukikatika somo limekwisha. Siku ya mwisho soda, fulana, picha, cheti. Wengine wetu tuna vyeti vinne vya jambo lile lile. Halafu kompyuta ya ofisi ikiharibika, fundi anaitwa kutoka Mbarara!

Huyo fundi hatumlaumu. Yeye alisoma diploma miaka miwili. Alijifunza kuunganisha mtandao, kutumia Linux, kutengeneza hifadhidata, kuandika programu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa fundi wa mitandao, mtunza data wa hospitali, mwandishi wa programu, au msimamizi wa usalama wa mifumo ya benki. Mambo hayo hayaingii kichwani kwa wiki mbili, hata uwe na akili namna gani.

Na mtu asituambie ati sheria inatuzuia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Sisi tunakwama mlangoni kwa chuo. Aliyemaliza sekondari Kongo, diploma yake ya Serikali iko kwa Kifaransa. Lazima itafsiriwe, kisha UNEB iilinganishe na masomo ya Uganda, na kila hatua ni pesa. Wenzetu wengi wanaishia hapo, hata ada ya muhula wa kwanza hawajaifikiria.

Basi, ndugu wa mashirika, badala ya kuita vijana sitini kwa wiki mbili, pelekeni hata watatu chuoni mpaka wamalize. Lipeni tafsiri, lipeni UNEB. Mtasema watatu ni wachache. Sawa, lakini wale sitini wa mwaka jana wako wapi leo?

Na sisi vijana tujiseme pia. Tunakimbilia posho kuliko somo. Tukiitwa mara ya tano kujifunza kuwasha kompyuta, tumwachie nafasi yule ambaye hajawahi kuigusa. Na kabla ya kuandika jina, tuulize: cheti hiki kinapokelewa na chuo gani? Wakikosa jibu, turudi nyumbani.