Kadi Kabla ya Dawa

Nyalikungu, makao makuu ya Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, fedha huingia kwa msimu. Pamba huvunwa, hupimwa, huuzwa. Mkulima hulipa madeni ya mwaka mzima, na kilichosalia hugawanywa baina ya chakula, ada na mabati. Homa haingoji msimu huo.

Hapo ndipo wapangaji wa bima walipokosea hesabu, tena si mara moja. Uchangiaji ulianza hospitalini mwaka 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001, ukaboreshwa mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Wengi hawakujiunga, na wengi waliojiunga hawakurudi mwaka wa pili. Ikasemwa kwamba hawana elimu ya bima. Tusi gani hilo! Aliyelipa, akafika zahanati, akaandikiwa dawa akanunue dukani, ameielewa bima kuliko anayemhubiria.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeifanya kadi kuwa lazima. Lazima iliyostahili kutangulia ni ya dawa kuwapo na mganga kuwapo. Visiwani matibabu yalitangazwa kuwa bure mwaka 1965, na neno hilo tukufu limekutana mara nyingi na kabati tupu. Basi Muunguja hana la kumcheka Msukuma.

Mchango ukusanywe pamba ikishauzwa, na usikusanywe kabla zahanati haijajazwa dawa za kufikia msimu mwingine.