Mzigo Hupimwa Kabla ya Kubebwa



Kuna neno moja lililoenea katika familia zetu za Kigwa na vijiji vya jirani, nalo tunakusudia kulipinga waziwazi. Neno lenyewe ni hili: "Shukuru umepata kazi." Huambiwa kijana anaporudi nyumbani akisema kwamba analipwa kidogo na kutumikishwa mno. Huambiwa na baba, na mama, na mjomba. Huambiwa, tusifichane, hata na katekista baada ya Misa. Wanaolisema hawana nia mbaya. Wameuza ng'ombe na tumbaku ili kulipa ada, na wanaogopa kumwona mtoto amerudi kukaa barazani. Lakini anayefaidika na neno hilo si kijana wala mzazi wake. Ni mwajiri asiyetaka kulipa, ambaye hana haja tena ya kumnyamazisha mfanyakazi, kwa kuwa wazazi wamekwisha kumfanyia kazi hiyo bure.

Tuchukue mfano wa vijana waliosomea kompyuta. Kijana anaajiriwa mjini na ofisi inayotengeneza tovuti, yaani zile kurasa za intaneti ambamo shule, hoteli na kampuni hujitangaza. Anaambiwa kwa mdomo kwamba kazi yake ni kuzisanifu kurasa hizo. Mwezi wa kwanza haujaisha, ameongezewa kazi ya kupiga picha za bidhaa. Mwezi wa pili anajibu simu za wateja usiku. Mwezi wa tatu anachapa kadi za harusi, anahangaika na printa iliyokwama na kutumwa benki. Mwenzake aliyekuwa akifanya nusu ya hayo ameondoka, wala hakuna aliyewekwa mahali pake. Mshahara ni ule ule wa majaribio, na majaribio hayana mwisho. Akiuliza, anajibiwa kwamba anapata uzoefu. Nasi tunauliza: ni duka gani hapa Kigwa linalouza sembe kwa uzoefu?

Wasomaji wa Maandiko wataikumbuka sura ya 5 ya Kitabu cha Kutoka. Farao hakuongeza hesabu ya matofali hata kidogo. Aliwanyima Waisraeli majani makavu ya kuchanganya na udongo, akawaacha wayatafute wenyewe, huku hesabu ya matofali ikibaki ile ile. Walipolalamika aliwaita wavivu. Mwajiri anayeondoa mtu mmoja na kuiacha kazi ya wawili mabegani mwa aliyebaki hafanyi jambo jipya. Limeandikwa miaka mingi sana kabla ya kompyuta.

Wala sisi watu wa Kigwa si wageni wa habari za mizigo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji ilipita hapa. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyanyembe Novemba 1857, aliitaja Kigwa kati ya vituo vyake vya mwisho kabla ya kufika Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga na waya zilipanda bara, vyote mabegani mwa wapagazi; na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliosafiri kwa ujira. Hata Wamisionari wa Afrika walioondoka Bagamoyo mwaka 1878 kuleta Injili katika nchi za maziwa walibebewa mizigo yao na wapagazi.

Hatuipambi historia. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na wapagazi wengi waliachwa kandokando yake kwa ndui na njaa. Lakini mpagazi huru alikuwa na desturi ambazo vijana wetu wasomi wamenyang'anywa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, mbali na mkeka na chungu chake mwenyewe. Ujira ulipatanwa kabla ya safari, na posho ilikuwa deni la mwenye msafara njia nzima. Mpagazi aliunyanyua mzigo kwanza, akaupima kwa mikono yake, na ulipozidi aliukataa. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa manung'uniko juu ya wapagazi waliotua mizigo chini, wakakaa, wakadai posho yao, au wakatoweka usiku. Wasafiri wale waliwaona wakaidi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa karne ya 19, anawaona kuwa wafanyakazi wa ujira waliokuwa na taratibu zao na waliojua kuzitetea. Sisi tunakubaliana naye.

Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Wajerumani, Waingereza, na Wabelgiji walioiteka Tabora Septemba 1916, wote waliwakamata watu kwa nguvu wabebe mizigo ya majeshi. Hapo hakuna aliyeulizwa kuhusu uzito wala ujira. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi, na jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Mabega yalikuwa yale yale. Kilichoondolewa ni ruhusa ya kukataa. Je, mzee anayejivunia babu yake aliyekwenda pwani na kurudi na majora ya nguo, atamwambiaje mjukuu wake anyamaze tu na kubeba?

Wengine watajibu kwamba zama za soko huria zimefika, kazi ni chache, na kijana alikubali mwenyewe. Jibu hili Kanisa lilikwisha kulikataa. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba mshahara lazima utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi, na kwamba anayekubali masharti mabaya kwa kubanwa na shida, au kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa udhalimu ijapokuwa amekubali. Papa Yohane Paulo II, yule yule aliyefika Tabora Septemba 1990, aliandika katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 kwamba mshahara wa haki ndicho kipimo cha kuonyesha kama mfumo mzima wa uchumi ni wa haki. Naye Papa wa sasa alieleza Mei 2025 kwamba amechagua jina la Leo kwa kumkumbuka huyo wa kwanza kuandika juu ya wafanyakazi, kwa sababu mashine zenye akili bandia zimeleta maswali mapya juu ya haki na utu wa kazi.

Tena msidhani kwamba kazi hizi mpya ni safi kwa kuwa hazina vumbi. Februari 2022 gazeti la Time la Marekani liliandika habari za vijana walioajiriwa jijini Nairobi na kampuni ya Sama kuchuja picha na maneno ya Facebook. Baadhi yao walibaki na kiasi cha dola moja na nusu tu kwa saa, nao walitakiwa kutazama mauaji na ukatili wa kila namna. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliyeachishwa kazi baada ya kuwaongoza wenzake kudai haki, alifungua kesi Nairobi mwaka 2022. Tarehe 1 Mei 2023, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao.

Wapo watakaosema: kijana abebe msalaba wake. Hapa lazima tuseme kwa ukali. Msalaba wa Bwana ulichukuliwa kwa upendo ili wengine wapate uzima. Mshahara uliozuiliwa ni wizi, na Mtume Yakobo katika sura ya 5 ya barua yake anasema kwamba ujira huo wenyewe unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Asiyeweza kutofautisha mambo hayo mawili asimshauri kijana yeyote.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maandishi yanayoeleza kazi yake, mahali pa kazi, saa na malipo. Mgogoro ukifika kwenye shauri, na mwajiri akashindwa kuleta maandishi, ni juu yake kuthibitisha masharti yaliyokuwapo. Asiyeandika asidhani amejificha. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma wala 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazipiti 50 katika majuma manne, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kima cha chini hutangazwa kwa kila sekta. Amri ya karibuni ilitangazwa Oktoba 2025, kuanza kutumika Januari 2026. Ni kweli kwamba aliye chini ya miezi sita kazini hana ulinzi ule ule dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Lakini saa zake na ujira wake vinalindwa tangu siku ya kwanza.

Na tusitazame mjini tu. Mkulima wa tumbaku anayemchukua kijana wa watu msimu mzima kwa ahadi ya kumlipa baada ya mauzo, kisha akamkata chakula, dawa na sabuni mpaka asibakiwe na kitu, anakaa nasi kwenye benchi moja kanisani. Mama anayemwamsha binti wa kazi saa kumi na moja alfajiri na kumlaza saa tano usiku, naye ni wa jumuiya zetu. Parokia, shule na zahanati za Kanisa hazina kinga: Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki lazima kwanza aonekane mwenye haki machoni pao. Mpishi wa mapadre na mlinzi wa shule wana haki ya karatasi ile ile tunayomdai tajiri wa mjini.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya imteue mtu mmoja anayeweza kusoma mkataba na kuueleza. Kijana aandike katika daftari, kila siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka na kila kazi aliyoongezewa na nani aliyemwagiza. Atunze na ujumbe wa simu. Kwanza azungumze na mwajiri, ikiwezekana pamoja na mwenzake. Isipopatikana suluhu, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi Tabora, ndani ya siku 30 kwa aliyeachishwa kazi na siku 60 kwa madai mengine. Siku hizo huhesabiwa tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo mzazi anayemwambia mwanawe asubiri kwanza, ajue kwamba anazitumia siku za mwanawe.