Hewa Imechafuliwa. Na Nani?

Mpwa wangu yuko Gredi ya Nne, shule moja huku Dandora. Wiki jana alipewa swali la Kiswahili: Taja njia tatu za kujikinga na hewa chafu. Akaandika: kufunga dirisha, kulala na leso puani, kuhamia kwa shosho. Mwalimu akampiga kosa zote tatu. Majibu sahihi yakafuata kwa wino mwekundu: tupande miti, tusichome taka, tuelimishe jamii.

Tuelimishe jamii! Mtoto wa miaka tisa. Jamii gani sasa, buda? Hii yetu, inayojua harufu ya jaa kabla haijajua a-e-i-o-u?

Nikaketi na daftari lake, nikasoma kurasa zote za mazingira. Hewa huchafuliwa. Taka huchomwa. Moshi hutolewa. Na kurasa chache nyuma, daftari lilo hilo, kijana ashafunzwa kwamba kauli ya kutendwa ina "na" yake: ugali umeliwa na Juma. Ikifika kwa hewa, Juma anapotea. Hakuna aliyekula. Ugali ulijiliwa tu, na sasa watoto wa Gredi ya Nne ndio waoshe sufuria.

Basi acha nitafute Juma. Jaa la Dandora linapokea taka za jiji tangu miaka ya sabini. Kufikia 2001 lilishasemekana limejaa. Malori hayakuskia, na bado yanaingia. Mwaka wa 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake makuu hapa hapa Gigiri, ng'ambo tu ya Thika Road, ilichapisha utafiti wa watoto 328 wa karibu na jaa hili. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu, kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Piga hesabu: wengi wa wale watoto leo ni rika langu. Mimi mwenyewe nimelelewa hapa na hakuna mtu amewahi kunitoa damu kuangalia. Niliacha chuo mwaka wa pili na watu wa nyumbani wana sababu zao kumi za kueleza kwa nini. Hewa haiko kwa hiyo orodha. Sisemi ndiyo ilinitoa. Nasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na ukilinganisha na uzito wake anavuta hewa nyingi zaidi. Akisimama stejini, pua yake iko karibu na ekzosi ya matatu kuliko yangu. Halafu tunampa mche wa mti ashike, tunampiga picha, tunaenda nyumbani.

Unataka kumfunza hewa safi? Mfunze Kifungu cha 42 cha Katiba: kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Mfunze Kifungu cha 70: haki hiyo ikivunjwa unaenda kortini, na si lazima uonyeshe kwamba kuna mtu ashaumia. Mwambie kuhusu Owino Uhuru kule Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu risasi mwilini. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kwa kiwanda hicho na mtoto wake akapatikana na sumu, aliongoza wakazi kushtaki. Mwaka wa 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaifuta, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hiyo ndiyo hadithi ya kusomewa watoto, na haina kauli ya kutendwa hata kidogo.

Mwalimu simlaumu. Naye anavuta moshi uo huo, tena na darasa limejaa hadi mlangoni, na mtaala hakuuandika yeye.

Ijumaa hii wameambiwa waende na mche. Nimenunua, bob hamsini. Lakini pale alipopigwa kosa nimeandika kwa penseli: Mwalimu, dirisha la kwetu linaangalia jaa. Tafadhali mrudishie alama yake moja.