Baruti ya Nobel na tuzo ya Abiy: amani haipimwi kwa mwaka mmoja

Wadau, kila ikifika Oktoba Tuzo ya Amani ya Nobel inatangazwa kule Oslo, na kila mwaka ubishi ni ule ule: huyu kastahili, yule kapendelewa. Leo turudi kidogo kwa mwenye hela zake, maana mimi naona tatizo la tuzo hii limeanzia kwenye wosia wenyewe.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm mwaka 1833. Alikuwa mkemia, tena mfanyabiashara. Mwaka 1864 mlipuko kwenye karakana ya familia uliua watu kadhaa, akiwemo mdogo wake Emil. Kilicholipuka ni nitrogliserini, kimiminika ambacho ukikitikisa vibaya kinaondoka na wewe. Jamaa hakuacha. Aliichanganya na udongo mwepesi unaoinyonya, ikawa kitu cha kubebeka, na mwaka 1867 akakisajili kwa jina la dainamaiti. Mahandaki ya reli yakachimbwa, migodi ikapasuliwa, hela ikaingia kwelikweli.

Sasa kuna stori maarufu sana. Mwaka 1888 kaka yake Ludvig alifariki Ufaransa, gazeti likachanganya madesa likadhani aliyekufa ni Alfred, likamsema vibaya. Eti akasoma, roho ikamsuta, akaandika wosia wa amani. Stori tamu, lakini Nobel mwenyewe hakuacha andiko linalosema hiyo ndiyo sababu. Na matendo yake si ya mtu aliyetubu. Mwaka 1887 alikuwa ametoka kuvumbua baruti isiyotoa moshi, na hiyo ilikuwa ya bunduki na mizinga, si ya kuchimbia handaki. Mwaka 1894, miaka sita baada ya gazeti, akanunua Bofors, kiwanda cha chuma na mizinga kule Sweden. Novemba 1895 ndipo akasaini wosia pale Paris. Yaani mkono mmoja unanunua kiwanda cha mizinga, mwingine unaandika tuzo ya amani!

Alikuwa mnafiki? Sidhani. Alikuwa na rafiki, Bertha von Suttner wa Austria, mwanamke aliyepigania amani kwa vitabu na mikutano. Bertha alisimulia kwamba Nobel alimwambia viwanda vyake huenda vikamaliza vita mapema kuliko mikutano yake, kwa sababu siku majeshi mawili yakiweza kuangamizana kwa sekunde moja, mataifa yote yatashtuka na kuyavunja. Mtu wa maabara huyo... anachanganya, analipua, anaona jibu hapo hapo. Bertha alipata tuzo hiyo mwaka 1905, akafariki Juni 1914. Wiki chache tu baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, silaha kali zipo tele na hakuna aliyeshtuka.

Haraka hiyo hiyo ipo kwenye wosia. Nobel alifariki Desemba 1896, akaacha krona zaidi ya milioni 31 ziwekezwe, na faida yake igawiwe kila mwaka kwa waliowanufaisha binadamu katika mwaka uliotangulia. Mwaka mmoja tu! Kwa upande wa amani alitaja undugu wa mataifa, kupunguza majeshi na mikutano ya amani.

Sasa tuangalie huku kwetu. Wangari Maathai wa Kenya alianza kazi ya kupanda miti na akina mama mwaka 1977, akapewa tuzo 2004. Hiyo ni miaka 27, humo ndani kapigwa na kuwekwa rumande. Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, akapewa tuzo 2018 pamoja na Nadia Murad. Miaka 19 ya kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Abiy Ahmed wa Ethiopia aliingia madarakani Aprili 2018, akapatana na Eritrea, na Oktoba 2019 tuzo hiyo mkononi. Mwaka mmoja na nusu! Novemba 2020 vita vikaanza Tigray, na majeshi ya Eritrea yakaingia upande wake. Januari 2022 kamati ikatoa tamko kwamba Abiy ana wajibu wa pekee kumaliza vita. Kunyang'anya haiwezi, kanuni haziruhusu.

Najua kuna watakaosema kamati ingejuaje? Tena walikuwa wanafuata wosia: jamaa kafanya la maana mwaka ule, kapewa. Sawa. Ila mkataba wa viongozi wawili kukumbatiana mbele ya kamera ni mchanga sana kuuita amani. Kuna mwingine atasema Mukwege naye hajaleta amani, maana Bukavu ilitekwa na M23 Februari 2025. Kweli kabisa, tuzo haikuzuia risasi. Lakini kazi yake hakuna mkutano unaoweza kuifuta, waliotibiwa wametibiwa.

Kwa hiyo hela ya baruti mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni saa anayopimia Nobel. Kiongozi akisaini mkataba leo, asubiri miaka kumi. Ukisimama, apewe. Ukivunjika, hela iende kwa anayefunga vidonda.

Au nyie mnasemaje, Abiy alistahili siku ile?